Karani wa Mpindo

Wanaomfahamu Mzee Msellem Khatibu wa Tanga wanajua kwamba siku hizi hapendi kuulizwa habari za Ufifi. Alikwenda, akarudi, na alichorudi nacho hakikuwamo mkobani. Kwa kuwa mwenyewe amefunga mdomo, tutayasema sisi, kwa utaratibu na bila kutia chumvi. Chumvi haihitajiki.

Msellem alikuwa fundi wa vyombo vya maabara katika shule ya sekondari. Kwa miaka thelathini na ushei alitengeneza mizani, darubini na vipimo vya umeme, na kanuni yake maishani ilikuwa moja: andika ulichokiona. Wanafunzi waliopika majibu aliwarudishia daftari bila neno, na hata walimu walimwogopa kidogo. Alipostaafu, Serikali ya Ufifi ilimwita akatengeneze chombo chao kimoja cha kale kilichoharibika. Safari yenyewe haina la kusimulia.

Mpakani alivishwa mkia. Ndivyo Wafifi wanavyouita: waya wa shaba unaofungwa kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, ukateremka ubavuni na kuburuzwa ardhini popote mtu aendapo. Askari aliyemfunga alimweleza kwa upole, kama anayeongea na mgonjwa, kwamba mwanga wa jua una chaji ya umeme, kwamba chaji hiyo humwingia mtu kupitia utosini, na kwamba asiye na mkia huijaza mwilini mpaka awe hatari kwa wenzake.

"Utawaona watu wanainama barabarani, mzee," askari alisema. "Usiwacheke. Wanashusha."

Kweli aliwaona. Watu wawili wakikutana, kwanza kila mmoja aliinama akagusa ardhi kwa kiganja, ndipo wakapeana mikono. "Umeshusha?" "Nimeshusha." Hiyo ndiyo salamu ya huko. Wote walitembea chini ya miavuli myeusi, na ngozi zao zilikuwa na rangi ya majivu. Madirisha ya nyumba yalikuwa yamepigiliwa mbao, ndani watu wakipapasa gizani mchana kweupe.

Nyumba za wajumbe wa Baraza pekee ndizo zilizokuwa na vioo. Ilikuwa imethibitishwa zamani kwamba kioo huzuia chaji ya mwanga, na kwa sababu hiyo sheria iliwapa kioo wenye vyeo, wasije wakadhurika nchi ikakosa viongozi. Kwa hiyo waliotunga sheria kuhusu hatari ya mwanga walishinda ndani ya mwanga kutwa nzima. Msellem aliliandika hilo katika daftari lake, asiongeze neno.

Mwenyeji wake alikuwa karani mmoja mjane, Bwana Shineni, mtu mrefu mwenye mabega yaliyoshuka na vidole vyenye madoa ya wino. Nyumbani kwake kulikuwa na viti vitatu. Juu ya kimoja palikuwa na kanga iliyokunjwa vizuri, na mgeni alipotaka kukikalia, Shineni alimshika mkono.

"Samahani, mzee wangu. Hicho cha Mize."

Mize alikuwa binti yake. Miaka mitatu nyuma, akiwa na umri wa miaka kumi na tisa, alikuwa ameosha nywele, akapanda juu ya paa bila mwavuli na bila mkia, akakaa juani zikauke. Jirani alimwona, akapiga kelele. Tangu siku ile alikuwa amefungiwa katika Nyumba ya Utulivu, jengo lisilo hata na tundu la ufunguo, ambamo waliojaa chaji huwekwa gizani mpaka iwatoke.

"Alipewa muda gani?" Msellem aliuliza.

"Miaka minane." Shineni alitazama vidole vyake. "Kesho kutwa ni Siku ya Mapitio. Watampimia upya."

Msellem hakutaka kumchimba zaidi. Alimwuliza jambo ambalo alidhani ni jepesi: katika Ufifi, nani wanaosema mwanga una chaji na nani wanaosema hauna? Shineni aligeuka kutazama mlango, kisha akacheka kidogo, kama mtu aliyesikia neno la aibu mbele ya wakwe.

"Hapana wa namna hiyo, mzee. Kuna Chanya na kuna Hasi. Chanya wanasema chaji ya mwanga ni chanya. Hasi wanasema ni hasi. Wamegombana miaka tisini. Hawaoani, hawazikani. Lakini kusema hauna! Hilo si upande. Hilo ni ugonjwa."

Asubuhi iliyofuata Msellem alipelekwa kwenye chombo. Alikitambua mara moja, maana shuleni kwao walikuwa nacho kama hicho: chupa pana, ndani yake vijani viwili, majani membamba ya dhahabu, vimening'inia kwenye kijiti cha chuma, na juu ya kijiti bamba la zinki. Ukikitia chaji, vijani husukumana na kutanuka. Chaji ikitoka, hufumba. Kijani kimoja kilikuwa kimechanika, na kazi ya kukibadilisha haikumchukua hata nusu siku.

Shineni ndiye aliyemsimulia asili ya mambo. Mwasisi wa Ufifi alilipiga msasa bamba lile, akalitia chaji hasi, akafungua dirisha. Jua lilipoligusa bamba, vijani vilifumba. Mwasisi akatangaza kwamba mwanga umeleta chaji chanya, ikafuta ile hasi. Ndio mwanzo wa Chanya. Waliompinga walisema hapana, mwanga ni hasi wenyewe, na umeifukuza hasi mwenzake kwa wivu. Ndio mwanzo wa Hasi. Nchi nzima ilijengwa juu ya bamba lile.

Msellem alilitazama tena bamba. Waliona sawasawa, watu hawa. Jaribio lao lilikuwa la kweli kabisa.

"Bwana Shineni," alisema mwishowe, "ukianika kanga mbichi juani, ikakauka, maji yamekwenda wapi?"

"Yametoka."

"Jua lilikuja na maji yake?"

"Hapana."

"Basi na hapa hivyo hivyo. Jua limeibandua chaji iliyokuwa kwenye zinki, ikaenda zake. Lenyewe halikubeba kitu. Halina chanya, halina hasi. Na mkitaka kuhakikisha, upitisheni mwale wa jua kando ya sumaku kubwa. Kitu chenye chaji kikipita hapo hupinda. Mwanga hautapinda hata kidogo."

Alitegemea karani atashtuka. Shineni alisimama polepole, akachukua funguo ukutani.

"Twende nikuonyeshe ninapofanya kazi."

Idara ya Mpindo ilikuwa chumba kimoja cheusi, nacho kilikuwa na hadhi kubwa kuliko mahakama. Tundu dogo ukutani liliingiza mwale mmoja wa jua, ulioelekezwa na bamba la shaba la nje lililogeuzwa kulifuata jua. Mwale ulipita kati ya mikono miwili ya sumaku kubwa kama mlango wa ghala, ukaangukia ukuta wa pili juu ya alama nyekundu. Pembeni palikuwa na meza, na juu ya meza daftari kubwa. Kila siku saa nne, karani alipaswa kupima mwale umepinda upana wa punje ngapi za mtama kutoka kwenye alama, kisha aandike. Siku moja aliandika kwenda kulia, siku ya pili kwenda kushoto, ili Chanya na Hasi wote waridhike. Na idadi ile ndiyo iliyokuwa hukumu. Aliyekamatwa juani siku ya punje tatu alifungwa miaka mitatu, na aliyekamatwa siku ya punje sita, sita. Siku ya Mapitio, punje za siku hiyo zilichukua nafasi ya hukumu za zamani za wafungwa wote.

Msellem aliinama ukutani, akavaa miwani, akatazama. Doa la mwanga lilikuwa katikati ya alama, halikwenda huku wala kule. Alifungua daftari. Kurasa zake zilikuwa na safu zilizochapwa tayari, kuanzia moja hadi tisa. Safu ya sifuri haikuwapo.

"Umefanya kazi hii muda gani?"

"Miaka ishirini na sita."

"Na umewahi kuuona ukipinda?"

Mkia wa Shineni ulikuwa umejizungusha kwenye mguu wa meza, naye akaanza kuukwamua, jambo ambalo halikuhitaji muda wote ule.

"Sijawahi," alisema. "Hata siku moja."

"Sasa hizi namba zote?"

"Naziandika tu, mzee. Siku ile ya Mize..." Aliliweka sawa daftari mezani. "Wiki ile nilikuwa nimeandika ndogondogo, moja, mbili, moja. Mkuu wangu akaniambia idara inaonekana haina kazi. Saa nne nikaandika nane. Nane, hivi hivi tu, kumfurahisha. Saa sita wakaja kuniambia mwanangu amekamatwa."

Msellem alijisikia vibaya sana. Alimhurumia mtu yule, na papo hapo alimkasirikia. Hasira ilishinda, maana ndiyo aliyoizoea.

"Kesho andika ulichokiona," alisema.

"Nilikuwa nimepanga kuandika moja. Punje moja, mwaka mmoja, atoke. Nimejiapiza hivyo miaka mitatu."

"Na wenzake waliomo humo? Na watakaokamatwa baadaye? Ukiandika moja umeusaidia uongo uendelee. Ukiandika sifuri, hakuna mpindo. Hakuna mpindo, hakuna chaji, hakuna kifungo. Anatoka siku hiyo hiyo, wote wanatoka. Hesabu hiyo hata mtoto anaielewa."

"Wewe ni mgeni, mzee wangu," Shineni alisema taratibu.

"Mgeni au mwenyeji, sifuri ni sifuri."

Walibishana mpaka mwale ukahama tunduni. Mwishowe Shineni alikubali. Tuseme ukweli: hakukubali kwa sababu ya hesabu. Alikubali kwa sababu mtu alikuwa amemwambia, kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na sita, kwamba macho yake ni mazima.

Siku ya Mapitio Baraza lilijaa. Mkuu wa Baraza alikuwa Bi Raya Mkadara, mwanamke mnene mwenye sauti tamu, aliyekaa kwenye kiti kirefu katikati. Chanya walikuwa kulia kwake, Hasi kushoto. Wafungwa kumi na saba waliletwa, macho yamefungwa vitambaa vyeusi. Mize alikuwa wa nne. Alikuwa mwembamba, mikono yake imetangulia mbele ikitafuta njia, na nywele zake alizoziosha siku ile zilikuwa zimenyolewa.

Shineni aliingia na daftari. Uso wake ulikuwa umekauka.

"Mpindo wa leo," alisema, "nimeuandika pembeni mwa ukurasa, kwa kuwa hauna safu. Leo mwanga haukupinda. Ni sifuri. Na jana ilikuwa sifuri. Tangu nianze kazi ni sifuri."

Msellem, aliyekuwa ameketi viti vya wageni, alisogea ukingoni mwa kiti kwa furaha. Alisubiri kelele. Kelele hazikuja. Bi Raya aliandika kitu kwenye karatasi yake, akawapa wajumbe nafasi ya kuchangia.

Mzee mmoja wa Chanya alisimama. Alisema taarifa ya karani ni nzito na anampongeza. Kama mwanga wa leo hauna chaji, alisema, basi swali la kujiuliza ni moja: chaji imekwenda wapi? Chaji haipotei, kila mwenye elimu anajua. Mjumbe wa Hasi alisimama upande wa pili, na kwa mara ya kwanza katika miaka tisini akasema anakubaliana na mheshimiwa aliyetangulia. Chaji yote ya mwanga, alisema, imeshanyonywa. Na walioinyonya wamesimama hapa mbele wamefungwa vitambaa.

Ukumbi mzima ulivuta pumzi. Wajumbe wa mstari wa mbele waliviburuta viti vyao nyuma.

"Mheshimiwa Mkuu!" Msellem alisimama bila kupewa ruhusa. "Chombo cha Mwasisi kipo hapo mezani, nimekitengeneza kwa mkono wangu. Mleteni huyo binti aliguse bamba. Akiwa na chaji, vijani vitatanuka. Vikitulia, hana. Chombo ni chenu wenyewe."

Bi Raya alikubali, kwa adabu kubwa. Askari walimsukuma Mize kwa fimbo ya mbao mpaka mezani. Mkono wake ulipapasa ukalipata bamba la zinki.

"Baba," alisema, "uko hapa?"

"Nipo, mwanangu."

"Leo umeandika ngapi?"

Shineni alilifunga daftari. Wote walikuwa wakivitazama vijani. Vilining'inia vimefumba, havikutikisika hata kidogo. Msellem aliwageukia wajumbe akiwa karibu kutabasamu.

Bi Raya alivitazama muda mrefu. "Imezama," alisema kwa masikitiko. "Masikini binti wa watu. Imeshazama ndani kabisa, hata chombo hakiifikii."

Uamuzi ulisomwa kabla ya adhuhuri. Kwa kuwa sheria huhesabu miaka kwa punje, na siku hiyo haikuwa na punje hata moja ya kuhesabia, wafungwa wale hawana mwaka wa kutoka. Wakae Nyumba ya Utulivu daima, wakiwa akiba ya chaji ya taifa. Chanya na Hasi walishikana mikono, baada ya kuinama kushusha. Baadhi yao walilia kwa furaha ya umoja.

Msellem alimtafuta Shineni kwa macho, akidhani atamkuta amemkazia macho ya lawama, na angestahili. Lakini karani alikuwa amekwisha kuondoka mahali pake. Alikuwa ameliendea dirisha la ukuta wa mashariki, ambalo halikuwa na kioo bali mbao mbili na komeo. Akiwa njiani aliufungua mkia mkononi, akauacha ukaanguka sakafuni. Alivua kofia. Akavuta komeo.

Jua la saa tano liliingia ukumbini. Wajumbe walijitupa chini ya meza, wengine wakafunika vichwa kwa makaratasi ya ajenda. Shineni alisimama katikati ya mwanga, kichwa wazi, amefumba macho, mikono ameiachia tu. Alikaa hivyo kwa kitambo. Kisha alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayeripoti kazini:

"Nimejaa. Nipelekeni alipo mwanangu."

Askari walifunga dirisha kwa miti mirefu. Bi Raya alijipangusa vumbi, akakaa tena kitini, na hapo ndipo tatizo la kisheria lilipojitokeza. Katibu alilisoma kutoka kwenye kitabu: karani akishikwa na chaji, kipimo chake cha siku hiyo kinabatilika, na yote yaliyoamuliwa juu yake yanabatilika. Lazima kipimwe upya, na mtu asiye Chanya wala Hasi.

Nchi nzima ya Ufifi haikuwa na mtu wa namna hiyo. Macho yote yaligeuka kwenye viti vya wageni.

Walimpeleka Msellem chumba cha Mpindo akifuatana na katibu na mashahidi wawili, na Shineni pia, amefungwa kamba, kwa kuwa sheria ilitaka mtuhumiwa aone anavyopimiwa. Mwale ulikuwa pale pale. Msellem alivaa miwani, akainama. Doa lilikuwa juu ya alama nyekundu, katikati kabisa. Angeweza kuapa.

Alichukua kalamu. Maisha yake yote alikuwa ameishika kalamu bila kuiogopa. Alijua kwamba akiandika alichokiona, watu kumi na wanane hawatatoka gizani mpaka wafe, mmoja wao msichana aliyetaka tu kukausha nywele. Alisimama pale mpaka katibu akakohoa. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa mkono wa shati, akainama tena kana kwamba hakuona vizuri mara ya kwanza.

Kisha, kwenye safu ya kwanza, akaandika: moja.

"Punje moja," katibu alisoma kwa sauti, na mashahidi wakashusha pumzi. "Kwenda kulia au kushoto?"

"Kulia," alisema Msellem.

Mwaka mmoja, basi, kwa wote: Mize na wenzake waliokwisha kuumaliza watoke siku hiyo hiyo, na Shineni auanze wake. Katibu alimshukuru kwa jicho lake makini, akaongeza kwamba nafasi ya karani sasa iko wazi, na kwamba Baraza lingependa kumwona mtu mwenye sifa kama zake akiomba. Askari walimfunga Shineni kitambaa cheusi machoni. Alipofikishwa mlangoni aliwaomba wasimame kidogo, akageuza uso upande aliodhani mgeni yuko.

"Mzee Msellem," alisema, bila chuki yoyote. "Mwaka wangu wa kwanza kazini alikamatwa mama mmoja mwenye mtoto mchanga. Nikamwandikia moja. Hivyo ndivyo nilivyoanza na mimi."

Wakamwongoza nje. Mkia wake ulikuwa umebaki ukumbini, kwa hiyo hakikusikika kitu nyuma yake isipokuwa hatua, na Msellem alibaki ameshika kalamu, mbele ya mwale ulionyooka.